Nimekirudisha Kisanduku cha Saa

Kalemie

Papa Furaha, mpenzi wangu,

Unisamehe kwanza kwa kukawia. Barua yako ina mwezi mzima hapa nyumbani, na kila nikishika kalamu Yoshua analia meno, ama mafundi wananiita. Lakini nisikudanganye: nilikuwa natafuta namna ya kukukatalia bila kukukosea heshima. Sijaipata. Basi nakukatalia tu.

Uliandika nichukue watoto niende kwa mama yangu kule Niemba mpaka urudi kutoka Kigoma, kwa sababu muuguzi alisema kifua cha mwanetu Furaha hakiwezi tena vumbi la mbao, na atelie yetu ya useremala iko hatua kumi kutoka mlangoni. Papa Furaha, hatuendi. Watoto wanabaki, atelie inabaki. Vumbi njo litaondoka, si sisi.

Unakumbuka siku ulipoleta ile mashine ya kunyonya vumbi? Ilishuka bandarini vipande vipande, na mimi mimba ya Furaha ilikuwa hainiachi hata kuinama kufunga viatu. Tuliiunga sisi wawili, wewe juu ya ngazi, mimi nikikupa boliti. Ilipowaka ukashika mkono wangu ukauweka kwenye bati lake. "Sikia," ukasema, "inapumua." Nilikupenda sana siku ile, na bado.

Lakini hukuwaza nani ataisafisha. Mifuko yake ya kitambaa ya kunasa vumbi ikijaa unga wa mbao za muvula, mafundi wanazima mashine na kuniita mimi, eti kufagia ni kazi ya mwanamke. Ninaingia na mwiko wa kusongea bukari, Yoshua mgongoni, ninaipiga mpaka vumbi lianguke, nusu chini, nusu ndani ya nyumba yetu.

Na kosa langu nalikubali, najua bado unalicheka. Kabla hujaondoka niliivua mifuko yote sita, nikaipeleka ziwani, nikaifua kwa sabuni juu ya mawe kama nepi. Wanawake wenzangu wakaniuliza nimezaa jitu gani. Ilirudi myeupe kama shuka ya harusi. Tukawasha mashine, na unga mwembamba ukatoka upande wa pili kama moshi, siku mbili nzima. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi nilitazama. Siku ya tatu mifuko ilipopata tena ngozi nyembamba ya vumbi, moshi ukakoma. Nikaelewa: vumbi kidogo linalobaki kwenye kitambaa njo linazuia lile lingine.

Ndiyo maana sikukitaka kisanduku ulichonitumia cha kusafisha mifuko bila mkono wa mtu. Labda mwenye duka ulikokinunua amekwisha kukuambia: nimekirudisha. Nilimpa Mama Zaina, anayevuka ziwa kuuza dagaa Kigoma, akibadilishe kwa kingine. Kile chako kinafuata saa. Dakika zikifika kinapuliza upepo wa kompresa ndani ya mifuko, iwe imejaa au haikujaa. Tukipasua muvula kutwa, kitachelewa. Tukiunga viti tu, kitaivua mifuko ngozi yake kama nilivyofanya ziwani, na kompresa itakula umeme ambao wenyewe tunaupata kwa kubahatisha. Nilichochagua mimi kina mirija miwili, mmoja upande mchafu wa mifuko, mmoja upande safi. Kinapima presha. Mifuko ikikabwa, kinapuliza. Ikipata nafuu, kinanyamaza.

Papa Kasongo, fundi wetu mkubwa, alinikabili mbele ya wote. "Mama Furaha, chukua cha saa. Saa hata mutoto anaijua. Hiyo ingine inataka muntu wa masomo."

"Mimi nimesoma, Papa."

"Primeri ya sita, mama."

"Inatosha kusoma namba mbili. Moja ya kuanza, moja ya kunyamaza."

Walicheka, naye akacheka nao. Kisha akauliza kama Kigoma hawauzi na kisanduku cha kunyamazisha mwanamke. Nikamwambia kingekuwapo, wewe ungekuwa umekwisha kunitumia.

Fundi wa umeme alikifunga ukutani, mbali na mtikisiko wa msumeno. Namba nilizitafuta mwenyewe siku tatu, nikipandisha na kushusha, nikitega kitambaa cheusi upande safi nione kama unga unapita. Haupiti. Hakuna anayeniita tena kupiga mifuko. Juzi Furaha alilala mchana bila kukohoa. Sisemi amepona. Muuguzi atamsikiliza tena kifua mwisho wa mwezi, na akitikisa kichwa, nitahamisha atelie kabla ya kumhamisha mtoto.

Nimechoka, sikatai. Wakati mwingine nasinzia huku nanyonyesha, chuchu inamtoka Yoshua ndipo naamka. Nakutamani mezani, nakutamani kwenye ngazi ile. Lakini uchovu wangu usiusome kama kushindwa.

Basi mpe Mama Zaina vitu hivi, na asipande boti hata kimoja kikipungua: mipira miwili ya valvu za kuachia upepo, ile ya duara, kwa maana mmoja wa iliyopo unavuja na unapiga mluzi, mrija laini wa plastiki, mita nne, kwa kuwa uliopo panya wameanza kuutafuna, fyuzi tatu ndogo za kioo, mifuko sita mipya ya akiba, nayo sitaifua, na viatu vyeusi vya Furaha, namba ishirini na tisa, kwa sababu mwezi wa tisa anaingia primeri ya kwanza hapa hapa Kalemie.

Mke wako,
Mama Furaha