Shotigani Yangu na Kiha Ninachojifanya Sikijui

Alhamisi, Kasulu. Mvua imeanza baada ya adhuhuri na haina dalili ya kukatika. Dukani hakuna mteja.

Situlii. Nimekunja vitenge ambavyo vilishakunjwa, nimefuta kaunta mara mbili, nimekaa, nimesimama. Mjomba ameniuliza kama nina homa. Nimemwambia ni baridi. Mtu wa Tanga ukiwa huku unaweza kusingizia baridi kwa kila kitu na watu wakakuamini.

Sina homa. Nimemponza rafiki yangu.

Nianze na bunduki, maana ndiko yalikotokea yote. Ni za kwenye simu, msishtuke. Tunacheza watatu. Nestori, fundi pikipiki wa Kibondo, ndiye kepteni wetu. Anisia yuko Kitahana, analima na mama yake. Wa tatu ni mimi, Rukia, muuza vitenge. Jumamosi kuna mashindano Kibondo, na tumejiandaa tangu kiangazi.

Nestori anabeba snaipa. Kwa mbali hana mpinzani: risasi moja ya kichwa, mtu ameenda. Ila akishabandika jicho kwenye darubini haoni kulia wala kushoto. Akikosa, bunduki inachukua muda kujikoki upya, na hapo hata asiyejua kucheza anamfuata kwa nyuma na kummaliza. Siku za mvua kama leo, mtandao ukiwa mzito, analenga mtu ambaye alishaondoka zamani, halafu anaitukana simu.

Anisia ana ya rasharasha. Haina makuu, inafaa karibu, inafaa mbali kidogo. Ukiing'ang'ania tu inanyanyua mdomo na risasi zote zinaishia hewani. Yeye ana mkono mtulivu, anapiga tatu, anapumzika, anapiga tatu. Namwonea wivu.

Yangu ni shotigani. Nestori anaiita gobore. Mlangoni au kwenye ngazi simwogopi mtu yeyote, lakini nje, hatua ishirini tu, ninamtekenya adui. Halafu risasi zake zinaingia moja moja, unajaza huku moyo unakwenda mbio. Kwa hiyo kazi yangu ni kukaa karibu na Nestori na kulinda mgongo wake. Mtu mwenye snaipa bila mwenye shotigani pembeni ni marehemu anayesubiri siku.

Sasa ungamo.

Adui akiwa karibu kwenye mchezo anasikia sauti zetu. Kwa hiyo wenzangu, ambao ni Waha wote wawili, wanapeana habari kwa Kiha, kisha Anisia ananitafsiria kwa Kiswahili cha harakaharaka. Wanaamini sijui Kiha. Ninakijua. Nimekielewa mwaka wa pili huu.

Ni mjomba aliyenifundisha kunyamaza. Nilipofika hapa dukani aliniambia, "Ukianza kuwaelewa, jifanye huwaelewi." Mteja na mwenzake wakija kununua, wanashauriana kwa Kiha mbele yako wataishia bei gani, na wewe unaangalia dari kama mjinga. Nimeangalia sana dari. Ikawa tabia, nikaingia nayo mpaka kwenye timu.

Mwanzoni niliona raha. Baadaye nikaanza kusikia mambo yangu. Kwamba ninachelewa. Kwamba Mswahili wa dukani anaogopa kutoka nje ya nyumba. Leo mchana, tukisubiri mechi ya majaribio ianze, Nestori akamwambia Anisia kwamba kuna jamaa wa Kakonko, mkali wa rasharasha, na tukipoteza hii, Jumamosi atachukua nafasi yangu. Anisia akakataa. Akasema bila Rukia nani atakulinda mgongo? Nestori akacheka tu.

Niliinamia simu, machozi yanakaribia. Hawa ndio watu pekee wa huku wanaoniita jina langu bila kuuliza bei ya kitenge.

Mechi ikaanza. Nestori akapanda ghorofani na snaipa yake. Mimi nikajibanza kwenye stoo ya pembeni, hatua tatu kutoka kwenye ngazi. Anisia alikuwa kilimani. Akamwona adui anaingia, akapiga kelele: "Ali mu nzu! Ali mu nzu!" Yuko ndani ya nyumba. Kwa hofu akasahau kunitafsiria.

Nilielewa papo hapo. Hatua tatu, risasi moja, kazi imekwisha. Pale ndipo shotigani inapokuwa mfalme.

Sikutoka.

Nilijiambia nikitoka watajua nimesikia kila kitu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ni kwamba nilitaka Nestori aonje kukaa bila mgongo. Nikasikia mlio mmoja juu, jina la Nestori likawa jekundu: ameuawa. Baada ya hapo sisi wawili tulimalizwa kama kuku.

Nilingoja anifukuze. Badala yake akamgeukia Anisia, kwa Kiha, kwa ukali ambao sijawahi kuusikia kwake. Kwamba kazi yake ni kutafsiri, ameshindwa hata hilo. Na Anisia, badala ya kujitetea, akasema ni kweli, kosa ni lake, Rukia wa watu angejuaje? Huyo wa Kakonko achukue nafasi yake yeye, Rukia abaki.

Kisha akanigeukia kwa Kiswahili, sauti imeshuka: "Nisamehe dada'angu. Nilisahau kukuambia."

Nikasema, "Usijali."

Mimi! Nikasema usijali!

Tangu hapo ndiyo nazunguka hili duka. Nikinyamaza, Jumamosi nacheza, na Anisia anabaki Kitahana akijilaumu. Nikisema, wataanza kukumbuka kila walichowahi kuzungumza mbele yangu. Hakuna anayependa mtu wa hivyo.

Saa kumi na moja nimeingia stoo ya duka, nimefunga mlango, nimerekodi ujumbe wa sauti wa kundi. Nimerekodi na kufuta mara nne. Wa tano nimeutuma. Nimewaambia nilimsikia Anisia vizuri, nikakaa makusudi, na wa kutolewa ni mimi. Nimesema yote kwa Kiha. Lafudhi yangu ni ya kuchekesha, najua.

Nestori amesikiliza. Ametoka mtandaoni.

Anisia amesikiliza. Muda mrefu simu imeonyesha anaandika, anaacha, anaandika tena. Mwisho limekuja swali moja, kwa Kiha, mara ya kwanza kuniandikia kwa lugha ya kwao: tangu lini?

Ningeweza kusema tangu mwezi uliopita. Ingemuuma kidogo tu.

Nimemjibu: tangu siku ya kwanza tuliyocheza pamoja.