Kikomo cha Vipande Arobaini

Ijumaa, Fereej Bin Mahmoud. Joto la mvuke, lile la kuoga na kutoka bafuni ukiwa umeloa jasho upya. Mikono yangu inanuka sabuni ya vyombo na iliki. Nimestahili.

Nianze na kiburi, maana huko ndiko mambo yalikoanzia. Mimi ni dereva. Namwendesha mkubwa mmoja wa klabu ya mpira wa kulipwa hapa Doha, yule anayeshughulikia mikataba ya wachezaji. Yeye hukaa kiti cha nyuma na simu, mimi hukaa mbele na masikio. Katika miaka miwili ya foleni nimejifunza kwamba timu ina kikomo cha mishahara: jumla ya malipo ya kikosi kizima haivuki hapo, hata ukiletewa mfungaji kutoka mbinguni. Ukimwongeza huyu, lazima yule apungue au auzwe. Nimejifunza pia kwamba mtu unayemtegemea unamsainisha mapema, kabla wengine hawajamwona.

Hilo la pili nililisikia vizuri kabisa. Ndiyo maana leo naona aibu mara mbili.

Elimu yangu niliipeleka kwenye timu yetu ya Ijumaa, ambako mimi ndiye kocha. Tuko kumi na wawili, walinzi, madereva na wahudumu wa hoteli, Watanzania, Wakenya na Waganda. Tunacheza alfajiri kabla jua halijakasirika, halafu tunakula pilau la Bi Mwanakombo. Mama huyu ni wa Unguja, anafanya kazi za ndani kwenye nyumba ya watu, na Ijumaa, siku yake pekee ya kupumzika, huja jikoni kwetu kutupikia. Pilau halikuwahi kuleta ugomvi. Ugomvi ulikuwa wa nyama. Mwenye mkono mwepesi alipata vipande saba, na Kato, kipa wetu Mganda, aliyekuwa akibaki nyuma kukunja nyavu, alipata harufu.

Basi nikaandika mikataba. Kikomo: vipande arobaini kwa sufuria. Kila mchezaji vitatu, kipa kimoja cha ziada kwa ajili ya magoti yake. Kila mtu akatia sahihi, karatasi zikaingia kwenye faili la bluu. Vilibaki vipande vitatu, nikaviandika "gharama za ofisi".

Ofisi ni mimi.

Miezi miwili tulikula kwa amani. Ijumaa iliyopita tukawaalika walinzi wa majengo ya Lusail, kaskazini mwa jiji, tukawafunga matatu kwa moja, na kwa kuwa mgeni ni mgeni, siku hiyo mikataba ililala na wao wakapakuliwa kwanza. Niliwaona wakilamba vidole mpaka kwenye vifundo. Ningekuwa na akili ningeogopa palepale.

Jumapili Otieno, mfungaji wetu, mlinzi wa geti kutoka Kisumu, akanivuta pembeni.

"Kochi, mi nakuheshimu," akasema. "Lakini wasee wa Lusail wananipea vipande sita na soda. Nyinyi mnanipea tatu. Ungekuwa mimi ungefanya aje?"

Siku tatu nilizunguka na lile faili kwenye gari. Niliwaomba wengine wapunguze kimoja kimoja, hakuna aliyekubali. Kato alilisoma faili lote, ukurasa kwa ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Ssebo, hii ofisi inakula na meno ya nani?"

Nikajikata mwenyewe. Vipande vitatu vya ofisi vikahamia kwa Otieno, jumla ikabaki arobaini, na jana akasaini. Nilijiona mkurugenzi. Nilitembea kidogo kama bosi wangu.

Leo asubuhi tumerudi kutoka uwanjani na njaa zetu. Jiko baridi. Sufuria limefunikwa kifudifudi. Nikapiga simu.

"Nipo Lusail, mwanangu," akasema Bi Mwanakombo. "Wamenitumia gari."

Otieno walimtaka kwa mdomo tu. Moyo wao ulikuwa kwa mpishi. Nimewafunga watu kumi na wawili kwa wino, na yule ambaye bila yeye hatuna cha kugawana sikumwandika popote. Otieno aliutazama mkataba wake, akalitazama sufuria. "Sasa hii sita ni sita ya nini, Kochi?"

Nikapanda metro, faili kifuani.

Nilimkuta amesimama na upawa katika jiko la watu.

"Shikamoo, Bi Mwanakombo."

"Marahaba. Umekuja kula au umekuja kusainisha?"

Nikamwahidi vipande sita. Nikapanda hadi nane, kikomo nimekisahau. Akacheka.

"Mie shida yangu si nyama. Hebu nionyeshe, katika hizo karatasi zako jina langu lipo wapi?" Nikafunua faili kana kwamba huenda lilijiandika lenyewe. "Haya. Na nyie mkishashiba mnakwenda kulala. Sufuria lile hulisugua nani?"

Nikasema sijui. Uongo. Nilijua, ila sikutaka kujua.

"Na hawa wa Lusail?" nikauliza, kwa sauti ndogo.

"Wameniandikia kiti chenye mgongo na soda. Sufuria hawakulitaja. Wanaume nyote mnaandika mkataba mmoja."

Akataja masharti yake. Miaka miwili. Sufuria lisuguliwe na mwenye faili, yeye mwenyewe, bila kumtuma mtu. Kuvunja mkataba ni ruhusa kwake, kwangu mimi hakuna. Nikasaini juu ya friji.

"Basi anza majaribio leo," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyosugua sufuria la Lusail mbele ya watu niliowafunga matatu kwa moja. Wawili walipiga picha.

Chini kabisa, ndani ya ukoko, kulikuwa na kipande cha nyama kimeganda, kizuri, chenye mfupa. Nikakiinua kumwonyesha.

"Kilichoganda ni cha msuguaji," akasema. "Mie siku zote hizo ndicho nilichokuwa nikila."

Nilishikwa na haya mpaka masikio yakawaka. Nikampa. Akakipasua kwa vidole, nusu akanirudishia, nikala pale kwenye sinki na povu mikononi. Ni nyama ya kwanza tangu nianzishe mikataba ambayo sikujiandikia mwenyewe.

Jumapili nampeleka mkubwa kazini. Atapanda na simu yake, ataanza vikomo vyake. Je, nithubutu kumuuliza kule klabuni sufuria husuguliwa na nani?