Kimto Alichokitoa Shangazi

Alhamisi. Guangzhou, huku China, imelowa. Siyo mvua, ni ule unyevu wa msimu huu, kuta za bweni zinatoka jasho na nguo zimegoma kukauka. Nimechoka jamani. Nimechoka hadi kope, na sijamwambia mtu.

Mwaka wa tatu huu nasomea kitu ambacho nikikieleza nyumbani watu hunionea huruma. Mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, hutumia mawimbi ya redio, na mawimbi hayo huupasha mwili joto. Kadiri sumaku inavyokuwa na nguvu, ndivyo inavyokuwa vigumu kujua joto litakaa wapi, na kwa nani. Mimi ndiye wa kupiga hizo hesabu. Nina watu wangu ndani ya kompyuta: mwanamume, mwanamke na mtoto. Wanalala walivyolazwa. Hawana sukari, hawana aibu.

Leo nimempeleka Shangazi.

Shangazi ni mfanyabiashara wa Dar, huja huku kununua nguo za watoto kwenye soko la Zhanxi. Mgongo unamsumbua tangu safari iliyopita, mguu mmoja unakufa ganzi, daktari akaagiza apigwe picha ya uti wa mgongo. Nikaenda kama mkalimani, na kusema kweli nilijiona nimefika uwanjani kwangu. Nikamweleza fundi wa mashine kwamba mama huyu ana sukari ya miaka mingi, mwili wake haupoi upesi kama wa wengine. Akanielewa, akapunguza nguvu ya mawimbi. Akamwekea kimto katikati ya mapaja, maana ngozi ikigusana na ngozi, umeme hupata njia ya kuzunguka, na pale panapogusana ndipo panapoungua. Akamfunika shuka, akampa kimpira cha kubana akijisikia vibaya. Mimi na fundi tukaenda kukaa nyuma ya kioo.

Picha ya kwanza ikaisha. Fundi akauliza kwenye kipaza sauti kama yuko sawa. Kabla sijafungua mdomo kutafsiri, Shangazi akajibu mwenyewe kwa sauti ile ile ya sokoni: "Mei wenti, laoban!" Hamna shida, bosi. Fundi akacheka, nami nikacheka. Picha ya pili, vilevile. Mei wenti.

Ya tatu, mei wenti ile ile, ikanikaa vibaya.

Nimeshazunguka naye Zhanxi. Mwenye duka akimtajia bei ya kuumiza, Shangazi hutabasamu tu, kwa sababu ukionyesha umeumia, umekwisha. Na kwetu hata ukimkuta mtu hajiwezi kitandani, ukimuuliza hali atakwambia salama. Ugonjwa utausikia baadaye, mkishaulizana habari za watoto wote. Basi nikaomba kipaza sauti. Hali sikumuuliza.

"Shangazi, wapi panachoma?"

"Aa, hapa mapajani tu, mwanangu. Kama nimekaa karibu na jiko la mkaa. Waache wamalize kazi yao."

Yarabi!

Fundi akasimamisha mashine palepale. Tukaingia, na nilipofunua shuka, kimto kilikuwa pembeni. Alikitoa mwenyewe kimyakimya kabla hajaingizwa. Alale miguu imeachana mbele ya mwanamume asiyemjua, na umri ule? Akabana miguu, akajisitiri, akaungua. Kimpira alikuwa amekishika tu, eti hakutaka kusumbua watu.

Fundi akageuka upande, akaniomba mimi, mwanamke mwenzake, niangalie kama pamekuwa pekundu. Sikuona wekundu wowote, na kwa ngozi yetu hauonekani kirahisi hivyo. Nikagusa kwa vidole. Palikuwa pa moto, na Shangazi akaruka. Daktari akaja, akasema ni kuungua kidogo, akampaka dawa. Picha hazikumalizika. Tutarudi wiki ijayo, na safari hii nimeomba fundi mwanamke.

Kwenye teksi nilimfokea barabara yote ya Huanshi Zhonglu. Ilikuwa hofu, wala si hasira. Angesema mei wenti mpaka atoke malengelenge! Hesabu zangu zote zile, mwisho wake zinamtegemea mtu aseme ukweli akiulizwa kama yuko sawa. Hilo sijaliandika popote kwenye tasnifu yangu, na mwili wa kompyuta unaotoa kimto kwa ajili ya stara sina. Kesho nitamwambia profesa, akitaka acheke.

Shangazi alinisikiliza tu. Tulipofika chumbani kwake Xiaobei akajilaza kwa ubavu, nikamtengenezea chai. Akanitazama sana.

"Umekonda," akasema. "Masomo yanaendaje?"

"Salama, Shangazi."

Akajiinua kwa kiwiko. Kisha akauliza taratibu, "Wapi panachoma?"

Nikakiweka kikombe chini kabla hakijanimwagikia, nikalia. Halafu nikamwambia. Kwamba silali vizuri, kwamba kuna asubuhi naamka nataka kufunga begi nirudi Dar na nisimweleze mtu sababu. Hakunishauri kitu. Alisogea kidogo, kwa uangalifu wa yale mapaja yake, akanipa nafasi kitandani.

Nimerudi bwenini, macho yamevimba. Asubuhi kuta zitakuwa bado zinatoka jasho. Nitampigia kwanza Mama, na akiniuliza habari, nitampa habari.