Dua Kabla ya Kurekodi

Shoga, unakumbuka yule jirani yangu fundi cherehani alivyoniuliza, "Mama, hayo machozi ya kwenye sala unayanunua wapi?" Leo yamepata mnunuzi.

Mwenye duka la dawa za mitishamba kaniita nilie kwenye video. Niseme mume wangu alikuwa hajiwezi, akaacha dawa za hospitali, akanywa ya dukani kwake, akapona. Malipo ni kama kufulia watu nguo miezi mitatu. Nikamwambia, "Baba, mimi mjane." Akasema, "Usijali, mume tumekutafutia."

Na kweli yupo. Dereva mstaafu, kalala kitandani, shuka hadi kidevuni. Ananiambia, "Karibu mke wangu." Mbavu zangu mie.

Nikawaza paa langu linavyovuja, nikakubali. Ndiyo, nilikubali, usinikaripie.

Sasa unanijua, siwashi hata jiko bila dua. Nikawaambia tufumbe macho, nikaomba kwa sauti kama kawaida yangu: "Ee Mola, tubariki katika uongo huu tunaokwenda kuwaambia wagonjwa."

Shoga. Uongo huu. Nimesema uongo huu, na wote wakaitikia amina, mume wangu kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kufumbua macho, mwenye duka kanikodolea. Nikamwambia, "Mwanangu, kazi imenishinda, Mungu nimeshamwambia." Nacheka mpaka sasa, paa na livuje.

Na mgonjwa wetu, ambaye dawa hata hajaionja, akafunua shuka, akainuka, akavaa viatu vyake, akatoka.