Biskuti za Harusi ya Shemeji

4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na hapo hotelini wamekupunguzia mashuka ya kupiga pasi. Mimi mzima, ila nanukia siagi mpaka paka wa jirani ananifuata dukani.

Dada, nimepata kazi ya harusi! Wanataka biskuti za kukata, za umbo la moyo na umbo la nyumba, zipambwe kwa sukari nyeupe, kila mgeni apate yake. Sijawahi kupewa kazi kubwa hivi. Bibi harusi alikuja mwenyewe, binti mpole, akaketi jikoni, akaonja, akasema, "Hizi ndizo."

Shida ni kwamba moyo unaingia kwenye oveni ukiwa moyo, unatoka figo. Nyumba zinavimba pembe kana kwamba zimejengwa na fundi mlevi. Sukari ya juu nayo inachuruzika. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika kifimbo cha kusukumia donge. Nakosea wapi?

Maharusi ni watu wa huku huku tu. Sina mengi.

Mdogo wako,
Kijiko

13 Machi

Kijiko wangu,

Marahaba. Mgongo upo, mashuka nayo yapo, tumeshazoeana. Barua yako nimeisomea chumba cha pasi. Nilipofika kwenye figo nikacheka mpaka msimamizi akaniuliza kama nimepata urithi.

Sasa sikiliza. Kosa lako ni haraka, na hiyo si habari mpya. Siagi ikilainika mno, donge linatambaa. Lisukume katikati ya karatasi mbili, kata maumbo yako, kisha trei nzima iingie kwenye friji mpaka biskuti zikakamae. Ndipo ziende motoni. Baking poda punguza. Hutaki ziumuke, unataka zitulie.

Sukari igawe mafungu mawili. Lile zito chorea ukingo, uache ushike. Lile jepesi liongeze maji kidogo kidogo, limwage katikati, ulisogeze kwa kijiti cha meno mpaka likutane na ukingo. Usipojenga ukuta kwanza, usishangae bwawa likikukimbia.

Unajua, tangu mume wangu anirudishe nyumbani nikaja kuanza maisha huku, habari za harusi zilikuwa zinanipita pembeni. Hii imenifurahisha kwa sababu yako. Waambie maharusi wako dada yako anawatakia heri.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimefanya ulivyosema na mioyo imetoka mioyo. Nyumba zina kuta zilizonyooka, na sukari imekauka laini, haina hata povu. Nazipeleka Jumamosi.

Nilianza kuandika ukurasa wa pili nikauchana. Mkono umechoka. Tutaongea.

Kijiko

2 Aprili

Dada,

Shikamoo, kama bado unaipokea kutoka kwangu. Nimepiga simu, hupokei. Kwa hiyo najua umesikia, ila sijui umesikia nini. Afadhali ulisikie kwangu.

Harusi ilikuwa ya shemeji. Huyo huyo fundi bati wako, aliyekurudisha nyumbani.

Nilijua tangu siku ya kwanza. Binti alipotaja jina la bwana harusi nilikuwa nimeshika trei. Nikaigeukia oveni asinione uso. Yeye hakunijua mimi ni nani. Nilipaswa kumwambia, "Samahani, tafuta mwingine." Badala yake nikamuuliza, "Nyumba ziwe na milango au zisiwe nayo?" Nilitaka ukumbi mzima uone kazi yangu. Hiyo ndiyo sababu, na nimeitafuta nyingine nzuri zaidi sikuiona. Kisha nikakuandikia wewe, nikakuacha unifundishe, nawe unacheka.

Nilidhani nitaziacha mlangoni niondoke. Shemeji akanikuta nazipanga mezani. Akasimama. Akauliza kwa sauti ya chini, "Dada yako anajua?"

Nikasema, "Anajua."

"Amesemaje?"

Dada, maneno yako nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema, "Amesema anawatakia heri."

Machozi yakamtoka. Sikuyategemea. Kabla sijafika mlangoni akashika kipaza sauti, akawatangazia wageni kwamba mke wake wa kwanza amemsamehe, na kwamba amemtuma mdogo wake na biskuti zile ziwe ushahidi. Watu wakasimama wakapiga makofi. Mama mmoja akaja kunikumbatia. Nami nikakumbatiwa, dada.

Nilirudi nyumbani vidole vinanata sukari. Nimeviosha na kuviosha. Nisamehe.

Mdogo wako

24 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sijui kama mgongo unauma, wala sina wa kumuuliza. Watu waliokula zile biskuti wanakuja kuagiza, nawaambia oveni imeharibika. Oveni ni nzima.

Niandikie, hata tusi.

Kijiko

8 Mei

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Barua yako ilinikuta nimeshajua. Jirani yetu wa zamani alinipigia simu: "Hongera mwenzangu, una moyo mkubwa!" Nikadhani nimeshinda bahati nasibu. Akanisimulia makofi yote, mimi nimeshika pasi, mpaka shuka la watu likaungua.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa cha kukuumiza tu. Biskuti si neno. Watu watakula, watu wataoa. Lakini msamaha ule ulikuwa wangu. Pengine ningempa siku moja, pengine ningezikwa nao. Wewe umeuweka kwenye sinia ukaugawa. Sasa nikinuna, watu watasema mimi ndiye kigeugeu. Umeninyang'anya hata haki ya kununa.

Nenda kwake. Mwambie ukweli, na mkewe awepo. Usinitetee, na usijilize. Kisha uniandikie alichosema.

Dada yako

17 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimekwenda jana mchana. Mkewe ndiye aliyenifungulia, mikono ina sabuni, akafurahi kuniona. Furaha yake ndiyo iliyonimaliza. Akaniwekea chai, akamwita shemeji kutoka karakana. Akaja na nyundo yake.

Nikasema, "Dada hakujua harusi ni yako. Heri aliwatakia watu asiowajua. Mimi ndiye niliyeigeuza ikawa yenu."

Mkewe akakiondoa kikombe alichoniwekea, kikiwa bado kimejaa. Hakunitukana. Alikwenda nacho jikoni, nikasikia anaimwaga ile chai.

Shemeji akauliza, "Kwa hiyo hajanisamehe?"

"Sijui. Hajasema, na mimi sina ruhusa ya kumsemea."

Akakaa. Nyundo akailaza sakafuni taratibu kama yai. "Nilihisi heri ile imekuja kirahisi mno," akasema. "Nilihisi, lakini nikaipokea hivyo hivyo." Halafu akasema aliyatangaza kwa mdomo wake, kwa hiyo atayafuta kwa mdomo wake, nyumba kwa nyumba ikibidi. Hakuniangalia alipokuwa akisema, wala hakunisindikiza.

Nilitii, sikujiliza. Nililia njiani, watu wakafikiri nimefiwa.

Mdogo wako

29 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa kitandani na viatu vyangu. Nimelia kidogo, si kwa ajili yake. Yule jirani amenipigia tena. Safari hii hakuwa na hongera. Aliuliza hali ya hewa ya huku, akakohoa, akaaga. Nikajua shemeji wako ameshapita kwake.

Sijakusamehe. Nasema hivyo kwa sababu uongo umetutosha. Nikifikiria ulivyoniacha nikueleze habari ya ukuta na bwawa, nikijiona mjuzi, bado natamani kukuzaba kofi. Lakini nimechoka kutojua umeamkaje. Leo mwenzangu hapa pasini ameniuliza kama nina ndugu, nikachelewa kujibu, na kule kuchelewa kumeniumiza kuliko makofi ya ukumbini.

Piga simu Jumapili, nitapokea. Usiniombe radhi, maana nitakata. Niambie tu umeamkaje, nami nitakuambia nilivyoamka. Tukimaliza hayo, kila mmoja akawa bado yupo kwenye simu, tutajua la kufanya.

Dada yako