Haijaruka hata mche mmoja

Shosti, nimekaa tu kwenye pikapu.

Ile mashine ya kupulizia tuliyojiundia na mume wangu, tenki na pampu nyuma ya pikapu, leo tumeijaribu kwenye nyanya za mama mkwe.

Nilimuuliza mume wangu, "Umeweka dawa?" Akasema, "Nimeweka."

Nimeweka!

Tumemaliza shamba zima ndipo nikaliona kopo. Dawa ya kuua magugu. Mimi nilitaka ya wadudu.

Eti, "Si ulisema dawa?"

Kweli, nilisema dawa.

Miche bado ya kijani, imesimama kama haijui kitu. Mama mkwe kaja dirishani anacheka: "Mwanangu, mashine yenu kiboko! Haijaruka hata mche mmoja."

Nikamwambia asante.