Lenga-lenga ya Maman Cécile

Siku ya posho, 16 août
Jardin ya paroisse, bustani yetu ya kanisa hapa ugenini, Ixelles. Maman Cécile, ule mujane ninamutaka, tena leo: "Papa Anaclet ana mukono muzuri!" Mukono! Mimi kule Likasi nililima kabichi, mbuzi na watoto wake wakajikinga mvua chini yake. Nani alinisifu? Lenga-lenga yangu, huu muchicha wa kwetu, iko manjano. Ile Anaclet anamutunzia Cécile inanipita kichwa — mbegu ya marehemu mama ya Cécile, toka Bukavu. Imebaki hiyo moja, na haijatoa mbegu bado. Anaitilia nini chini, huyu muntu?

Siku ya yenga, 17 août
Wote walikuwa kwenye messe, kanisani. Nikaing'oa. Nikaosha mizizi kwa maji ya robinet, safi, sawa vile ninaoshaka sombe, majani ya muhogo. Mara tatu! Kila mara Cécile anachekaga: "Papa Nday, wewe utaosha hata maji." Nikatafuta siri. Hakuna. Nyuzi tu! Nikairudisha mahali pake.

Siku ya pili, 19 août
Imelegea yote. Cécile analia. Anaclet anamushika bega — bega! Nikasema: mimi nilifufua mupapai uliopigwa na radi, muniachie. Nikaitia ndani ya ndoo mwenyewe, Anaclet asiguse. Nyumbani nikamwaga engrais, mbolea ya duka, nusu paquet.
Halafu nikamuuliza Gracieuse, mutoto wa dada yangu, anayesoma agronomie, mambo ya kilimo: kama muntu angeosha mizizi? Akashika kichwa, akasema: Tonton, muzizi munene ni bomba tu! Vinywele vidogo karibu na ncha, hivyo njo vinashika udongo, vinanywa maji pamoja na chumvi zilizoyeyuka: azote, potasse. Ukiosha, vinakatika. Na usitie engrais, chumvi ikizidi inje, itaunyonya muzizi maji yake.
Bon. Ile paquet nikaificha.

Siku ya yenga, 24 août
Kengele ya mulango. Sauti ya Cécile! Nikavaa shati ya pasi. Nafungua — Anaclet nyuma yake. Akaingia, akainamisha ndoo ya lenga-lenga, udongo ukaanguka wote, muzizi uchi.
"Udongo haukushika," anasema. "Vinywele vimekwisha. Huu muzizi muntu aliuosha. Tena vizuri." Akaonyesha pembeni uzi mumoja mweupe, mupya. Labda itaishi. Hata huo aliuona yeye!
Cécile hakuangalia uzi. Aliangalia évier, pale ninaoshea vyombo, sombe yangu ndani ya maji ya tatu.
Nimejifungia toilette, ninaandika. Cécile anagonga.
"Papa Nday, toka."
Nitamuambia, kule Likasi —